Mshahara wa Anayemaliza wa Nne

Barafu inayojulikana Kericho ni ile ya mvua ya mawe, inayoanguka alasiri na kuchana majani ya chai hadi mkulima ashike kichwa. Mji huu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, lakini barafu hiyo haijawahi kumlipa mtu mshahara. Basi huenda ikaonekana kichekesho kuwaleta wanawake wa hoki ya barafu wa Marekani na Kanada katika mjadala wa nchi ya chai. Nawaleta kwa sababu kuna swali linalozozaniwa kutoka Londiani hadi Sotik kila binti mwenye mbio anapomaliza kidato cha nne: mchezo ni kazi, au ni bahati nasibu? Wanawake wa hoki walilijibu kwa njia ambayo wanariadha wetu, pamoja na medali zao zote, bado hawajaitumia. Msimamo wangu nautangaza mapema ili nipingwe vizuri. Mchezo huwa kazi pale unapomlipa pia yule anayemaliza wa nne, na malipo hayo hupatikana kwa mkataba ambao wachezaji wenyewe wameudai wakiwa pamoja. Wanaonipinga nitawapa nafasi ya kusema. Si watu fulani. Ni sauti ambazo yeyote anayeijua Kericho na Bomet amezisikia penye kituo cha kununulia chai, nje ya kanisa na kwenye mikutano ya wazazi shuleni.

MZEE MWENYE SHAMBA: "Mbio ni nzuri, hakuna anayekataa. Lakini mguu huvunjika, cheti hakivunjiki. Huyo Wilson Kiprugut mnayemtaja kila siku alikuwa askari jeshi, hakula mbio. Msichana asome awe mwalimu au nesi, na Jumamosi akimbie kama anapenda."

Mzee amesema kweli kubwa kuliko alivyokusudia. Kiprugut, mtoto wa Kericho, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964 huko Tokyo, shaba ya mita 800, kisha akapata fedha Mexico mwaka 1968. Zama hizo Olimpiki ilikataza malipo, na kilichomweka mtu uwanjani kilikuwa mshahara wa jeshi. Hali haijabadilika sana kama tunavyodhani. Beatrice Chebet, naye wa Kericho, aliyekulia mbio zake kwenye kambi ya Lemotit kule Londiani, ni afisa wa polisi. Kwa hiyo ushahidi wa mzee unathibitisha kwamba bila mshahara hakuna mbio, halafu yeye anautumia kutuambia kwamba mbio na mshahara ni vitu viwili tofauti. Na ile dawa yake ya kukimbia Jumamosi imekwisha kujaribiwa na wanawake wenye vipaji vikubwa. Ligi ya wanawake ya Kanada, CWHL, ilianzishwa mwaka 2007 na ikacheza miaka 10 bila kuwalipa wachezaji mshahara. Mchana walikuwa makazini, usiku wakifanya mazoezi, na miongoni mwao walikuwamo mabingwa wa Olimpiki. Mwaka 2017 ligi ilianza kutoa kati ya dola 2,000 na 10,000 za Kanada kwa msimu mzima, na mwaka 2019 ikafunga milango. Ligi nyingine, NWHL ya Marekani, iliahidi mishahara tangu mwaka 2015, ikafika msimu wa pili na kuikata hadi nusu. Wanawake hao walikuwa na vyeti na walikuwa na kazi za mchana. Walichokosa ni saa za kulala na za kupumzisha misuli, na mwanamichezo asiyelala vizuri mwili humsaliti mapema. Ushauri wa mzee unamlinda binti asife njaa, hilo nakubali. Ila ushauri huohuo ndio unaohakikisha kwamba mbio hazitakuwa kazi kamwe.

KIJANA WA KAMBINI: "Hayo ni ya zamani. Siku hizi pesa zipo. Mtazameni Chebet! Kazi ya mwanariadha ni kushinda, ukishinda unalipwa, usiposhinda jilaumu."

Nimemtazama, na ninamsifu kama kijana anavyomsifu. Tarehe 25 Mei 2024 huko Eugene, Marekani, Chebet alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54.14, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Miezi michache baadaye akachukua dhahabu mbili za Olimpiki jijini Paris, ya mita 5,000 na ya 10,000. Tarehe 5 Julai 2025, Eugene tena, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, kwa 13:58.06. Lakini hebu tufuate pesa zinavyogawanywa. Paris ilikuwa mara ya kwanza kwa shirikisho la riadha duniani kutoa zawadi ya fedha kwenye Olimpiki, dola 50,000 kwa kila dhahabu. Aliyepata medali ya fedha hakupewa hata senti na shirikisho hilo, na wa shaba vilevile. Kwenye mashindano ya dunia hali ni nafuu kidogo: bingwa huchukua dola 70,000, wa pili 35,000, na mteremko unaendelea hadi wa nane anayepata 5,000. Kuna kizuizi kingine kabla ya kufika huko. Nchi huruhusiwa wakimbiaji watatu tu katika fainali hizo za Olimpiki za mita 5,000 na 10,000. Katika nchi nyingine, msichana anayemaliza wa nne kwenye majaribio ya taifa huenda asiwe lolote. Nchini Kenya anaweza kuwa miongoni mwa kumi bora duniani, na siku ile anapanda matatu kurudi Bureti akiwa na nambari yake ya kifuani na nauli aliyoikopa.

Kijana anajibu kwamba huo ndio ushindani. Sawa, lakini mkulima wa chai hawezi kudanganywa kwa hoja hiyo, maana maisha yake yote yamejengwa juu ya tofauti kati ya malipo ya mwezi na bonasi. Anayepeleka majani kiwandani, Kapkoros au Tirgaga au Litein, hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha mara moja kwa mwaka hupewa bonasi. Bonasi ndiyo hununua mabati na kulipa karo, na kila Oktoba kelele zake husikika Bomet nzima, hasa wakulima wa huku wanapojilinganisha na wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Hata hivyo, hakuna mkulima mwenye akili timamu angekubali shirika la chai la KTDA lifute malipo ya mwezi na limwahidi bonasi peke yake, tena bonasi ya wakulima wanane wa kwanza tu nchini. Zawadi za mbio ni bonasi. Hicho kijana anachokiita kazi kina bonasi bila malipo ya mwezi, na hata bonasi hiyo wakala wake huikata asilimia 15 kwa desturi kabla haijamfikia.

Sasa tazama hesabu ya upande wa barafu. Ligi mpya ya wanawake, PWHL, ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 1 Januari 2024 mjini Toronto, timu sita kwa kuanzia. Mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji ulikuwa umekamilika mwaka uliotangulia, kabla timu hazijapata hata majina yake ya utani. Kwa msimu wa kwanza mkataba huo ulisema mshahara wa chini kabisa uwe dola 35,000, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni zaidi ya shilingi milioni 4.5, kwamba kila timu iwe na wachezaji wasiopungua sita wanaopata dola 80,000 au zaidi, na kwamba wanaolipwa kiwango cha chini wasizidi tisa. Kuna posho ya nyumba ya dola 1,500 kwa mwezi. Ni kweli kwamba maisha ya Boston na Toronto ni ghali, na dola 35,000 huko si utajiri. Kinachonivutia ni mpangilio wenyewe. Mkataba umeandikwa ukimtazama mchezaji wa 23 katika kikosi cha 23, yule anayekaa benchi na ambaye jina lake halichapishwi kwenye jezi za watoto. Nyota kama Hilary Knight au Sarah Nurse wangeweza kujitafutia wadhamini wao na kuwaacha wengine. Badala yake walikaa kwenye kamati iliyojadili mkataba wa wote.

MENEJA WA WANARIADHA: "Mwandishi analinganisha vitu visivyolingana. Hoki ni timu, riadha ni mtu mmoja na viatu vyake. Pili, ligi hiyo inalishwa na bilionea. Tatu, mwanariadha wangu akigoma leo, kesho asubuhi nina wasichana 40 getini wanaotaka nafasi yake."

Hizi ndizo hoja nzito kuliko zote, na ya pili nitaikubali karibu yote. Ni kweli PWHL inategemea mfuko wa Mark Walter, tajiri wa Marekani, pamoja na mkewe Kimbra. Hakuna anayeweza kudai kwamba tiketi peke yake zilizaa mishahara ile. Lakini tajiri alipofika, aliwakuta wanawake walioketi nje ya uwanja kwa miaka minne. CWHL ilipofungwa mwaka 2019, zaidi ya wachezaji 200 walitangaza kwamba hawatacheza katika ligi yoyote ya Amerika Kaskazini mpaka ipatikane yenye bima na mshahara wa kumwezesha mtu kuishi. Walikosa misimu, na wengine walizeeka kimichezo wakisubiri. Fedha za tajiri zingeweza kuja kama zawadi, apendavyo yeye na kwa muda apendao. Subira ile ndiyo iliyozilazimisha zije kama mkataba wenye tarehe ya kumalizika, 31 Julai 2031.

Ama kuhusu wasichana 40 getini, meneja hajui kwamba hoja yake imewahi kujaribiwa na kushindwa. Mwezi Machi 2017 timu ya wanawake ya taifa ya Marekani ilitishia kususia mashindano ya dunia yaliyokuwa yafanyike nyumbani kwao, Michigan, kwa sababu ya malipo duni. Shirikisho lilianza kutafuta wa kujaza nafasi zao, likipiga simu kwa wachezaji wa vyuo na hata wa chini yao. Mmoja baada ya mwingine walikataa. Siku chache kabla ya mchezo wa kwanza makubaliano yakatiwa sahihi, timu ikaingia uwanjani ikiwa kamili, ikachukua dhahabu. Vipaji vilikuwa vingi huko pia. Waliosimama getini ndio walioamua kutoingia. Je, wanariadha wa Kenya hawawezi? Novemba 2015 waliwahi kuufunga mlango wa makao makuu ya Athletics Kenya jijini Nairobi, wakilalamikia madai ya ufujaji wa fedha, na maofisa wakabaki nje. Nguvu ilikuwapo. Iliishia kwenye hasira ya siku chache kwa sababu hapakuwa na karatasi ya madai ya mshahara, wala meza ya kuipeleka.

Hoja ya kwanza ya meneja, kwamba riadha ni mtu mmoja, inaonekana kweli kwenye televisheni tu. Nenda kambi yoyote saa kumi na mbili asubuhi uone wanavyokimbia kwa kundi, mmoja akivunja upepo kwa ajili ya wengine. Rekodi nyingi za dunia nazo huwa na waongoza kasi waliolipwa kazi hiyo na ambao hawamalizi mbio. Kazi inafanywa na kundi, malipo ndiyo yanayofanywa ya mtu mmoja. Hilo limetokana na uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuamua vingine.

MCHUMA CHAI: "Mnaongea juu ya mkataba kana kwamba ni dawa. Sisi tulikuwa na chama, tulikuwa na mkataba, na mashine zilikuja vilevile."

Mama huyu ana haki ya kuongea kwa uchungu, na ndiye anayenifanya nisiuze mkataba kama hirizi. Katika nchi hii ya chai, mkataba wa pamoja si jambo la kigeni lililoletwa na wazungu wa barafu. Chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa, KPAWU, kimejadiliana na waajiri kwa miongo mingi, na mambo yaleyale ninayoyasifu PWHL, yaani kima cha chini, nyumba na likizo ya uzazi, yamekuwa lugha ya kawaida ya wachuma chai Kericho kabla ya msichana yeyote wa Toronto kuyadai. Pamoja na hayo, mashine za kuchuma zilipunguza maelfu ya mikono, na Mei 2023 hasira ikafikia watu kuchoma mashine hizo mashambani. Miezi mitatu kabla, Februari 2023, BBC ilionyesha jinsi wanawake kwenye mashamba ya kampuni kubwa walivyodaiwa ngono na wasimamizi ili wapewe kazi. Mkataba ulikuwapo na haukuwalinda. Lazima nikubali kwamba karatasi peke yake haimzuii msimamizi mwovu wala haimzuii mwenye mtaji kununua chuma cha kuchukua nafasi ya vidole.

Lakini nitamrudishia mama swali lake. Mashine zilipofika, nani alikuwa na mahali pa kudai fidia na malipo ya kuondoka: mwenye mkataba wa kudumu au kibarua wa msimu? Na wale waliodaiwa ngono, waliokuwa hatarini zaidi si ndio waliokuwa wakiomba kazi siku kwa siku? Kadiri malipo yalivyotegemea hisani ya mtu mmoja, ndivyo mtu huyo alivyopata nguvu juu ya mwili wa mwanamke. Hali ya msichana kambini ni hiyohiyo. Anayechagua nani apelekwe mbio za Ulaya, anayeshika pasipoti yake, anayejua akaunti yake, mara nyingi ni mwanamume mmoja. Hakuna mashine itakayokimbia badala yake, hilo ni afadhali yake moja dhidi ya mchuma chai. Afadhali nyingine zote bado hana.

MWALIMU WA KIKE: "Hapo mmefika. Msichana akipata pesa za ghafla, hupata pia mume wa ghafla. Agnes Tirop aliuawa. Ni heri asizipate."

Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee kule Ujerumani. Septemba 2024 mwanariadha Rebecca Cheptegei wa Uganda alichomwa moto Endebess akafa. Sitajaribu kupunguza uzito wa maneno ya mwalimu, ila natofautiana naye kuhusu kisababishi. Malipo yanayokuja kwa kishindo, mara moja au mbili kwa mwaka, yakigeuzwa haraka kuwa ploti na nyumba za kupangisha zenye majina ya watu wengine, huzaa ugomvi wa mali. Mshahara unaoingia kila mwezi kwenye akaunti yenye jina lake, akiwa na mwajiri anayeuliza kwa nini hakufika kazini leo, si kinga kamili, lakini una mashahidi. Fedha za ghafla hazina.

Na kwa kuwa mwalimu amegusa nyumba, tuguse uzazi, ambako ndiko hesabu ya mwanamke inapotofautiana na ya mwanamume. Faith Kipyegon, jirani yetu wa Keringet, alijifungua mwaka 2018 na kurudi kuchukua dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Tokyo. Hadithi hiyo hupendwa majukwaani. Isiyosimuliwa sana ni ya mwaka 2019, wanariadha wa Marekani, miongoni mwao Allyson Felix na Alysia Montaño, walipoeleza hadharani jinsi kampuni za viatu zilivyoweza kupunguza malipo ya mjamzito kwa sababu hakushindana. Nike ilibadilisha masharti yake baada ya aibu hiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwanamke miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara, lakini humpa mwajiriwa. Mwenye mkataba wa viatu kwa kawaida huhesabiwa mkandarasi, hivyo mchuma chai wa kudumu wa Kericho ana haki ya kisheria ambayo mshindi wa mbio za Berlin huenda hana. Upande wa hoki, Kendall Coyne Schofield alijifungua Julai 2023, akatia sahihi kuchezea Minnesota chini ya mkataba wenye vifungu vya uzazi, na Mei 2024 akainua kombe la kwanza la ligi akiwa nahodha. Yeye na Kipyegon ni hodari sawasawa. Ila mmoja uhodari wake ulitanguliwa na karatasi.

MLIPA USHURU: "Basi mnataka serikali iwaajiri wote wakimbie? Polisi ni wa kukamata wezi. Tayari tunawalipa wengi wasioonekana kituoni."

Sauti hii huwa inasikika mwishoni, na hukasirika kwa haki. Hata hivyo, tayari analipa. Polisi, Magereza na Jeshi ndio ligi ya kweli ya riadha ya Kenya, ligi ambayo haijajitangaza. Anayeingia hupata mshahara, nyumba, bima na likizo ya uzazi. Kasoro ni kwamba mlango wake hauna maandishi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba msichana wa Bomet akikimbia muda fulani akiwa na miaka 18 atapewa nafasi kwa miaka mingapi, atapewa mafunzo gani ya kazi atakayofanya miguu ikichoka, na nani atamtetea akiumia. Wapo wanaoitwa baada ya medali, wakati ambapo hitaji lao la mshahara limekwisha kupungua. Chebet alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 5,000 mwaka 2018 kule Tampere, shindano lisilo na zawadi ya fedha, na rekodi yake ya kwanza ya dunia uwanjani ilimngoja miaka sita. Ni katika miaka ya namna hiyo, kati ya cheti cha vijana na hundi ya wakubwa, ambapo wenzake wengi waliacha, wakaolewa au wakashika kapu.

Kwa hiyo simwombi mlipa ushuru nafasi mpya hata moja. Ninachodai ni kwamba nafasi zilizopo ziwe na mkataba unaosomeka: idadi yake, muda wake, sifa za kuzipata, na sehemu yake iliyotengewa wanawake waliomaliza kati ya nafasi ya nne na ya kumi kwenye majaribio ya taifa. Meza ya kujadiliana si lazima ianze Nairobi. Wanawake wanaokimbia katika kaunti hizi mbili wanajuana kwa majina, na wengi wao ni mabinti wa watu waliowahi kukaa kwenye mikutano ya KPAWU, wanaojua kifungu cha nyumba kinavyodaiwa na mwajiri anavyokipinga. Meneja atasema watakaogoma watapoteza msimu. Watapoteza, na wale zaidi ya 200 wa mwaka 2019 walipoteza minne.